Siku Malango Yote Yalipoinuka

"Mgeni wa kazi hufuata mkono, si mdomo." Mmeisikia leo, mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Basi chimbuko lake ni humu humu katika bonde letu la mpunga.

Fundi Elineema alituletea malango ya mifereji yanayofunguka kwa ujumbe wa simu. Ujumbe mmoja uliyafikia malango yote, lakini kila lango lilitii neno la siri ambalo mwenye shamba angelichagua mwenyewe. Akaandika maelekezo, akayagawa. Juu aliweka mfano kwa herufi nene: "Neno la siri: MPUNGA." Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa, akaonya kwamba kila mtu atafute lake. Kijana wa watu aliridhika sana na maandishi yale.

Lakini sisi wa bondeni tumefundwa kwa kuiga. Mtoto hashiki jembe mpaka asimame nyuma ya mkubwa na kufanya afanyavyo.

Siku ya kuanza, miche ilikuwa bado michanga vitaluni, na ndiyo chakula chetu cha mwaka. Bibi Nakijwa akapewa heshima ya kutangulia. Akaandika, akatuma.

Lango lake likainuka. Likafuata la jirani. Kisha, Mungu wangu, malango ya bonde zima yakainuka bila kuguswa na mtu, maji yakanguruma mpaka ardhi ikatetemeka! Watu walishika vichwa. Elineema alibaki kinywa wazi, akiiogopa kazi ya mikono yake. Alipozinduka, akakimbilia bwawani kufunga lango kuu. Nusu ya miche ilikuwa imekwenda na maji.

"Mmetumia neno gani?" aliuliza akihema.

"Sote lile ulilotuonyesha, mwanangu," akajibu Bibi Nakijwa.

"Lakini nilionya, bibi! Onyo lipo pale chini!"

"Huko chini nilifika kazi imeshakwisha."

Elineema akaitazama miche ikielea. Hasira zikamwisha, akaona haya.

Akaandika upya. Onyo likatangulia, mfano akaufuta, akaacha nafasi tupu. Kisha akamwomba bibi ayafuate maelekezo mbele yake, yeye mwenyewe asimsaidie kwa neno. Kila mahali bibi alipokwama, Elineema akapaandika tena.

Mbegu zilizosalia ghalani zikasiwa, vitalu vikachipua. Kila mtu akachagua neno lake, na Bibi Nakijwa akatuma la kwake. Lango moja tu likainuka. Mengine yote yalitulia tuli, na watu wazima wakasimama wakisikiliza maji yakienda shambani kwake peke yake.

"Umewafanyaje watu hawa?" mtu akanong'ona.

"Nimeurekebisha mkono wangu," akasema Elineema. "Mgeni wa kazi hufuata mkono, si mdomo."