Kioo Kikuzacho Mamba

Kioo kikuzacho mamba hukuza na mtetemo.

Neno hili mlilisikia juzi kwa mzee Kasanda, pale Shija aliposema atanunua pikipiki yenye mbio kuliko zote, ilhali hii ndogo ya baba yake bado inamwangusha. Mkacheka, kisha mkaniuliza mamba ameingiaje kwenye habari za pikipiki. Kaeni basi. Methali hii ilianzia hapa hapa kwetu Isenga, nami nilikuwepo, msichana wa kuchota maji.

Siku hizo hatukuwa na bomba. Maji tuliyafuata mtoni, pale mto unapopinda ukatanuka kama bwawa. Kina mama waliteremka asubuhi wakiimba. Mmoja anafua, mwingine anasugua sufuria kwa mchanga, mwingine anamsema mumewe, na habari zote za kijiji zilizaliwa pale. Mtu akiniambia leo nichague kitu kimoja cha zamani kirudi, nitachagua asubuhi moja tu ya mtoni.

Kisha akaja mamba. Alianza na mbuzi. Kiangazi kilipozidi akamkamata mama yangu, Kalunde, mguuni. Wenzake wakamvuta huku, mamba akavuta kule, mpaka mmoja alipomtwanga mamba puani kwa ndoo ndipo akaachia. Mama alipona, ila hakukanyaga tena sawasawa. Na bado alirudi palepale kuchota, maana visima vyote vilikuwa vimekauka. Anateremka akichechemea, anachota huku ameyakazia maji macho.

Aliyekuwa na bunduki ya kijiji, ile ya kufukuzia nguruwe pori mashambani, alikuwa mjomba wangu Luhende, kaka yake mama. Bwana nyama, yule afisa wa wanyamapori, akampa kibali cha kumuua mamba yule, lakini mwisho wake mvua za kwanza, kwa sababu mto ukijaa mchanga wote unafunikwa, wala mamba humwoni tena.

Ugumu ulikuwa huu. Mamba aliota jua ng'ambo, mbali, ambako ukimwita mtu haitiki. Ukimwendea kwa upande ule, matete yanapiga kelele, anazama. Ilibidi apigwe kutoka upande wetu, tena nyuma ya jicho, mahali pasipozidi kiganja. Mjomba akilenga, ile alama ya chuma iliyo mwishoni mwa mtutu ilikifunika kichwa chote cha mamba.

Wazee wakakubaliana inunuliwe darubini ya kufunga juu ya bunduki. Kila mwenye mizinga ya nyuki akatoa asali, ikapelekwa mjini kuuzwa. Sasa, kwetu kulikuwa na desturi: kitu kilichonunuliwa kwa asali ya wote hakitumiki mpaka kipite mikononi mwa wote, kila mtu akishike na aseme neno lake. Kwa hiyo mjomba aliondoka na macho ya kijiji kizima mgongoni.

"Lete inayoonyesha meno," wakamwambia. "Tusije tukachungulia tukaona kilekile tunachokiona bure."

Alifuatana na Kasanda, huyu huyu mliyemsikia juzi, mrina asali, shemeji yake na mtani wake. Mwenye duka la risasi, mzee mmoja aitwaye Abeid, akawawekea darubini mbili mezani, moja fupi na moja ndefu kama mwiko wa msibani.

"Hii fupi inasogeza kidogo," akasema. "Lakini kioo chake ni safi, na pete zake za kuikazia kwenye bunduki ni chuma kitupu. Tena itawabakizia fedha ya risasi za kujifunzia. Hii ndefu itakula asali yenu yote. Inasogeza sana, lakini kwa bei hiyo msitegemee zaidi ya huko kusogeza."

Kasanda akailaza ile ndefu juu ya meza, akafumba jicho moja, akatazama mnara wa msikiti.

"Luhende, namwona njiwa anajikuna."

"Mzee wangu, hapo umeilaza mezani," Abeid akamwambia.

"Ulitaka niilaze wapi, kichwani kwako?"

Wakacheka wote. Wakaondoka na ile ndefu.

Kijijini ilipokewa kama bibi harusi. Wakapindua kinu kando ya mto, wakailaza juu yake, watu wakachungulia mmoja mmoja. Huyu anahesabu meno, yule anasema ameona mpaka utando wa jicho. Mama yangu alipochungulia alirudi nyuma akajikwaa, kana kwamba mamba amemfikia. Wote wakasema asali yetu imefanya kazi.

Kesho yake mjomba akalala na bunduki ukingoni. Mamba alikuwa ng'ambo, amejinyoosha. Sisi tulikaa nyuma kimya. Mjomba akalenga, akaacha. Akapumua, akalenga tena. Jasho lilimtoka mpaka shati likamganda mgongoni. Risasi ilipolia, mchanga uliruka mbali na mamba, na mamba akateleza majini polepole, kama mtu aliyeambiwa chakula kimekwiva.

Watu walimtania wiki nzima. "Luhende ameua mchanga, nani anakwenda kuuchuna?" Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mashariki, na mama alikuwa bado anateremka na ndoo yake.

Jioni moja, mama akimpakulia ugali, akamuuliza, "Kaka, ulimwona lakini?"

"Nilimwona kama ninavyokuona wewe."

"Sasa ulimkosaje?"

"Alikuwa anaruka. Mara yupo juu ya alama ya kiooni, mara chini. Nikawa namfukuza. Alipopita kwenye alama nikavuta haraka kabla hajatoka."

Mama akaweka mwiko chini. "Mamba alikuwa amelala kama gogo. Tulimwona sote. Aliyekuwa anaruka ni nani?"

Mjomba akalirudisha tonge sahanini. Akasema, "Ni mimi, Kalunde."

"Zamani mkono wako haukutetemeka?"

"Ulitetemeka. Ila nilikuwa siuoni, basi nikavuta kwa utulivu. Hiki kioo kinanionyesha hata moyo wangu unavyodunda."

"Basi kirudishe," mama akasema. "Mimi sitaki kuona meno yake. Nimeshayaona."

Wakarudi dukani, yeye na Kasanda. Njiani Kasanda hakutania hata mara moja. Abeid alipowaona na ile ndefu mkononi akainama kutafuta ile fupi. Kasanda ndiye aliyetoa sababu.

"Kioo kikuzacho mamba hukuza na mtetemo," akasema. "Tupe hicho kidogo, na risasi za kinachobaki."

Safari hii mjomba aliomba wazee wamsamehe desturi mpaka kazi iishe. Akaburuta gogo mpaka mbugani, akaliweka mbali vilevile, akalichora jicho kwa chokaa. Akajaza gunia mchanga, akaulaza mtutu juu yake, akawa anapiga kila asubuhi. Mwanzoni gogo halikuguswa. Siku zilivyokwenda chokaa ikaanza kumeguka, na kila jioni mama alikwenda kuipaka upya.

Tone la kwanza la mvua lilianguka usiku. Asubuhi mamba alikuwa kwenye kipande cha mchanga kilichobaki. Mjomba akalaza mtutu juu ya gunia, akatulia, na sisi hatukujua hata ni saa ngapi amevuta. Tulisikia mlio tu. Mamba hakuteleza. Alibaki palepale.

Bwana nyama alipokuja kuthibitisha, akachungulia ile darubini, akashangaa. "Kadogo hivi, ulimwonaje?"

"Nilimwona kidogo," mjomba akasema, "nami nikajiona kidogo. Tukatoshana."

Mjomba ametangulia, na mama naye. Bomba limekuja, na njia ya mtoni imeota majani, wengi wenu hamuijui. Lakini mtu wa hapa akitamani kitu kikubwa kuliko mkono wake, wazee hawamkatazi. Wanamwambia tu: kioo kikuzacho mamba hukuza na mtetemo.