Nyundo za Ukunguni

“Ukikopa nyundo, uliza bei ya jembe.”

Maneno hayo aliyasema Mjomba Elifuraha akiwa mlangoni, baada ya kusikiliza habari yote ya Nanzia: kwamba amepata nafasi chuo kikuu asomee uhandisi wa mitambo, kwamba ada yote ni ya mkopo, na kwamba akishaajiriwa mkopo utakatwa kwenye mshahara mpaka uishe. Mjomba alisema hivyo, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Nanzia na kaka yake Sekiete wakamgeukia bibi yao, aliyekuwa akichambua maharage.

“Nyundo gani tena, Bibi?” aliuliza Nanzia. “Mimi nimesema nakwenda kusoma.”

“Na huko utafundishwa nini, mjukuu wangu, kama si nyundo?” Bibi alisogeza ungo pembeni. “Haya, sikilizeni, wala msinikatize. Msemo huo una kwao, na kwao ni hapa hapa milimani. Ulianza hivi.”

Zamani hizo, huku kwetu Upare, jembe la chuma halikuwa kitu cha kulimia tu. Lilioa mke, lilimaliza kesi, na ukienda nalo gulioni ulirudi na mbuzi mzima. Mhunzi basi alikuwa mtu mbele ya watu. Ila kijana ambaye hakuzaliwa katika ukoo wa wahunzi hakuweza kununua nyundo, kwa sababu nyundo za wahunzi haziuzwi. Alikopeshwa na mhunzi aliyemfundisha. Alivukuta mivukuto ya kupulizia moto misimu na misimu akijifunza kazi, na siku ya kukabidhiwa nyundo mbuzi alichinjwa, ukanda wa ngozi mbichi ukafungwa kwenye kifundo cha mkono wake, na deni likatajwa mbele ya moto: mbuzi ishirini. Ukanda ulikatwa siku mbuzi wa mwisho alipofikishwa. Ambaye hakumaliza, alizikwa nao.

Mrutu alikuwa mwana wa mjane aitwaye Namcheja. Baba yake, Mndeme, alikuwa amejifunza na kukopa nyundo kwa mhunzi Kibacha, akafariki Mrutu akiwa angali mgongoni. Mama alikuwa akilima mashamba ya watu, jioni anarudi na kibaba cha mahindi na maumivu ya kiuno, na Mrutu alikuwa amechoka kumwona hivyo. Nyundo ndiyo ingemtoa mama yake katika vibarua. Alikwenda kwa Kibacha, akavukuta mpaka nyusi zikaungua, na hatimaye siku ya mbuzi ikawa kesho.

Asubuhi hiyo ukungu ulishuka. Mnaujua ukungu wetu, mtu anaweza kumpita shemeji yake bila salamu na asilaumiwe. Siku za ukungu Kibacha hakufungua kiwanda chake cha uhunzi, wala hakutaka mtu akikaribie. Ajabu ni kwamba siku hizo hizo nyundo zilisikika. Watu walisema ni mwangwi wa kazi ya jana, kisha wakageuza mazungumzo haraka.

Mrutu alikuwa amesahau shuka lake kiwandani. Alipopanda mteremko akasikia chuma kinagongwa, akafurahi, akidhani mzee ameamua kuwahi kazi. Alibisha hodi. Nyundo hazikunyamaza. Akainama, akaingia.

Mivukuto ilikuwa ikipanda na kushuka bila mvukutaji. Makaa yalikuwa mekundu, lakini hayakutoa joto, na baridi ilimwingia mpaka kwenye meno. Kuzunguka fuawe, lile chuma la kufulia, aliona mikono. Mikono tu, mingi, inayoinua nyundo na kuishusha. Kuanzia viwikoni kwenda juu palikuwa na ukungu mtupu. Kila mkono ulikuwa na ukanda wa ngozi uliokauka. Mmoja haukuwa na kidole cha shahada, na hapo Mrutu akautambua, maana mama yake alikuwa amemsimulia mara nyingi jinsi chuma cha moto kilivyokichukua kidole cha baba yake.

“Kijana,” sauti ilisema kwa upole kutoka upande wa mkono ule. “Umetoka gulioni?”

“Nimetoka juzi,” Mrutu alijibu.

“Tuambie basi. Jembe linakwenda kwa mbuzi wangapi siku hizi? Huku hatupati habari. Tunafua tu, hatujui tumebakiza kiasi gani.”

Mrutu alitamani kusema uongo. Lakini mtu hamdanganyi baba yake, hata akimkuta mahali kama pale. Juzi gulioni alikuwa amewaona wafanyabiashara kutoka pwani wakifungua matita ya majembe ya viwandani, mepesi, yanayong’aa, na akina mama wakiyagombania. Majembe ya Kibacha yalikuwa yamebaki chini na vumbi lake.

“Kuku,” alisema. “Jembe moja kwa kuku mmoja.”

Nyundo zote zikasimama hewani. Mivukuto ikashusha pumzi. Kisha mkono usio na kidole ukakaza mpini, ukagonga, na mingine ikafuata, ikagonga kwa kasi ambayo Mrutu hakuwahi kuisikia kwa mhunzi aliye hai.

Alikimbia mpaka uani kwa Kibacha. Mzee alikuwa ameketi jikoni, amejifunika blanketi.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba. Umekwenda kiwandani,” Kibacha alisema. Hakuuliza.

“Baba, kabla ya kesho nina neno. Deni langu lihesabiwe kwa majembe, si kwa mbuzi. Jembe likishuka bei, deni nalo lishuke.”

“Nyundo haipatanwi bei kama ndizi!”

“Sipatani bei ya nyundo, Baba. Nauliza bei ya jembe. Nikifua mwaka mzima nikapata kuku, mbuzi ishirini watatoka wapi? Na mimi nikifa, mwanangu atakuja kuuliza habari za gulio kwa nani?”

Hasira ilimtoka Kibacha usoni, ikabaki hofu, na hofu ya mtu mzima inatisha kuliko ya mtoto. Akatoa mkono wake wa kulia chini ya blanketi. Ukanda ulikuwapo, mweusi kwa moshi wa miaka, umezama kwenye nyama.

“Mimi nilipouchukua hakuna aliyeuliza,” alisema. “Siwezi kulipunguza deni lako, mwanangu. Langu halijaisha.”

Kesho yake mbuzi hakuchinjwa. Namcheja alilia, na kilio chake kilimuuma Mrutu kuliko maneno yote ya majirani waliomwita mwoga. Akaanza kuchonga mipini ya yale majembe mageni, yaliyouzwa bila mipini, na mwaka haukuisha kabla mama yake hajaacha vibarua. Kibacha alipofariki, walizika ukanda pamoja naye. Siku ya kwanza ya ukungu baada ya matanga, majirani walisikiliza wakiwa wamekaa kimya majumbani. Nyundo moja ilikuwa imeongezeka.

Tangu hapo kila kijana aliyeshika njia ya kiwandani alipitia kwa Mrutu, naye hakumkataza yeyote. Alimwambia neno moja tu, lile lile mlilolisikia kwa mjomba wenu.

Bibi alirudisha ungo mapajani. Sekiete alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka.

“Kwa hiyo nisiende, Bibi?” Nanzia aliuliza.

“Nimesema usiende? Wapo waliouliza, wakapata jibu zuri, wakachukua nyundo na wakamaliza deni. Mimi bei ya majembe yenu siijui.”

Nanzia alichukua simu, akampigia binamu yake Apaisaria, aliyehitimu uhandisi huo huo na sasa yuko kiwandani Tanga.

“Dada, shikamoo. Naomba uniwie radhi, nakuuliza jambo la ndani. Mshahara wako, wakishakata mkopo, unabaki na kiasi gani? Na utamaliza lini?”

Apaisaria alisikika akifunga mlango.

“Afadhali umeuliza kabla hujatia sahihi,” alisema. “Kaa chini, nikwambie yote.”

Nanzia akakaa. Bibi aliendelea kuchambua maharage yake, akasema taratibu, kama anayejisemea mwenyewe:

“Ukikopa nyundo, uliza bei ya jembe.”