Kokoto la Nakijwa

"Aliyeingia kwa kokoto hatoki kwa jabali." Bibi Namsifu aliitamka methali hiyo alipowasikia wajukuu zake wakilalamika: huduma ya simu walijiunga nayo kwa kubonyeza mara moja, lakini kujitoa wameambiwa wasafiri hadi ofisini mjini. Wakamwuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, akawaambia.

Huko milimani Upareni, Kajiru alikuwa na bwawa la kumwagilia mashamba. Aliyetaka maji alitumbukiza kokoto moja kibuyuni mwa Kajiru, basi, amejiunga. Malipo yake yalikuwa kumlimia Kajiru siku mbili kila juma, na asiyekwenda alinyang'anywa jembe.

Nakijwa, mjane, alijiunga hivyo. Kisha shamba lake likaporomoka, akabaki na kipande cha bondeni chenye unyevu wake. Maji ya Kajiru hayakumfaa tena, na zile siku mbili alizihitaji apande mahindi kabla mvua haijakatika. Akaenda kujitoa.

"Mlete shemeji yako ashuhudie," Kajiru akamwambia. Akamleta. "Leteni na mtungi wa pombe." Akauleta. "Sasa ngojeni mwezi uandame." Mwezi ukaandama, mwenyewe yuko safarini. Ule ulikuwa uonevu mtupu, tena wa mtu mzima mwenye mvi. Muda wote huo Nakijwa alimlimia kwa uchungu, mbegu zake zikikaa chunguni.

Siku ya baraza Kajiru alikuja na kibuyu, apokee wapya. Nakijwa akasimama mbele ya wazee.

"Mzee Kajiru, nilipojiunga ulinidai shemeji?"

"La."

"Pombe je?"

"La."

"Basi nipe kokoto langu niende."

Kajiru akacheka. "Yamejaa humu. Lako ni lipi? Ukitwaa la mwenzio umeiba."

"Kila siku ya kazi unanifuata alfajiri, na hujakosea mlango hata mara moja. Kunidai unanijua, kunitoa hunijui?"

Mzee Mbwambo, mkuu wa baraza, akampokonya Kajiru kibuyu na kuyamwaga makokoto chini. "Kuanzia leo, anayetaka kutoka aokote kokoto moja, siku yoyote, bila kumwomba mtu."

Nakijwa akaokota lililokuwa karibu. Nyuma yake wakainuka watu wengi, wengine waliolima miaka kwa maji wasiyoyatumia. Hakungoja kuwahesabu, alikwenda kupanda, maana mvua ilibakiza siku chache.

Ndipo watu wa kule wakawa wanawaambia wajanja wa namna hiyo, usoni: aliyeingia kwa kokoto hatoki kwa jabali.