Muziki Uliokuwa Ukivuja

Mwenye nyumba wetu, Bwana Mkwizu, alifunga spika kubwa na amplifaya kwenye gari lake. Kila mchana aliliegesha chini ya dirisha langu, besi ikatikisa sufuria, nami niliyekesha na mtoto nikakosa hata lepe la usingizi. Mpangaji mmoja alilalamika, akaambiwa ahame. Mimi nikaenda kumpongeza.

"Mama Tunu, unausikia muziki wangu?"

"Wote, baba mwenye nyumba! Mtaa mzima tunaburudika bure."

"Bure?"

"Si unavuja! Wenye magari ya maana hubandika sponji ndani ya milango, muziki ukabaki wa mwenyewe. Lakini wewe una moyo wa kugawa."

Kesho yake fundi alibandika sponji mpaka kwenye buti. Kimya! Mimi, mjanja wa mtaa, nikajinyoosha kitandani.

Tunu akaanza kulia. Alilia siku tatu. Kumbe besi ndiyo iliyokuwa ikimbembeleza.

Siku ya nne niligonga kioo cha gari, mtoto mgongoni.

"Baba, samahani. Fungua mlango kidogo."

Alimtazama mtoto, akafungua yote minne, akatusogezea kiti. Tunu alisinzia kabla wimbo haujaisha. Mimi nilimtangulia.