Ugomvi wa Kila Jioni

Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Kamba ni laini na jiwe ni gumu, lakini kamba ipitayo pale pale kila siku kwenye ukingo wa kisima huchimba mfereji. Methali hii huwafaa wavumilivu, na huwafaa wagomvi pia.

Yalini alikulia mji wa Sungai Siput, huko Malaysia, katika nyumba ambamo hata paka alifukuzwa kwa Kitamil. Alipopata nafasi ya kusomea viumbe vya baharini huko Sabah, ng'ambo ya bahari, aliruka kwa furaha. Bwenini hakuwapo Mtamil mwingine; wote walisema Kimalei. Muhula wa kwanza haujaisha, ulimi ukawa mzito. Kila alipompigia simu bibi yake, Kanagammal, alichomeka Kimalei, na Kimalei cha bibi kiliishia sokoni.

Baba yake hakumumunya maneno. "Mwanangu, elimu ni njema, lakini mtoto asiyeweza kuongea na bibi yake ni mgeni. Ukija kwa Ponggal, sikukuu yetu ya mavuno, tutakusikia. Kitamil kikiwa kimekukauka, utahamia chuo cha hapa karibu, Ipoh."

Yalini alilia. Bibi hakulia.

"Salamu hazina maneno," alimwambia simuni. "Umekula, nimekula, basi. Ugomvi ndio wenye maneno. Kuanzia leo tunagombana, na atakayechomeka Kimalei kashindwa."

"Tugombane kuhusu nini, Bibi?"

"Idli ni chakula cha wagonjwa."

Yalini, aliyezipenda idli za mama yake, vile vitumbua vya mchele vya mvuke, kama roho yake, alipandwa na mori. Alishindwa kabla simu haijapata moto.

Basi kila jioni, bibi akishawasha taa ya ibada, walianza. Bibi alishika upande mbovu makusudi na kuutetea bila haya. Yalini alisaka maneno, akayakosa, akaudhika, kesho yake akarudi nayo. Dayang, aliyelala naye chumba kimoja, alimwonea huruma.

"Bibi yako alikukosea nini, jamani?"

"Hajanikosea. Ananipenda."

Ponggal ikafika. Wali mtamu ulifurika chunguni, ishara ya neema, na kushangiliwa, na jioni watu wakajaa ukumbi wa hekalu kwa mdahalo wa kuchekesha wa kila mwaka. Nani huleta amani nyumbani, mama mkwe au mke wa mwana? Msemaji mmoja wa upande wa mama wakwe alikuwa amekaukiwa sauti. Mjomba Sivalingam, mwana wa Kanagammal na bingwa wa upande wa pili, akashika kipaza sauti.

"Mpeni nafasi mpwa wangu wa Sabah. Au tumletee mkalimani kwanza?"

Watu wakacheka. Baba alikunja mikono kifuani. Yalini alijua kwamba masomo yake yanaamuliwa pale, akapanda jukwaani.

"Mjomba," alianza kwa Kitamil kilichonyooka, "ukichelewa kurudi, mkeo hufunga kitasa. Nani hushuka kitandani kukufungulia? Si mama mkwe wake?"

Ukumbi ukaangua kicheko, mke wa Sivalingam akicheka kuliko wote.

"Mama hufungua apate cha kusimulia asubuhi," Sivalingam akajibu.

"Na asiposimulia, wewe utakumbuka ulirudi saa ngapi?"

Walikabana hivyo mpaka Sivalingam, katika kutapatapa, akaponyokwa na neno la Kimalei.

"Umeshindwa," Yalini akasema kwa mazoea.

"Kashindwa," bibi akaitikia kutoka kiti cha mbele.

Baba alimngoja chini ya jukwaa, macho yamemlowa. "Mwanangu, ndege yako ya kurudi Sabah ni lini?" Yalini alilia tena, safari hii kwa furaha tupu.

"Hoja zako nyepesi," bibi alimwambia. "Mama wakwe ndio chanzo cha vita vyote. Ukifika huko nipigie nikueleze."

Sivalingam akaja akijifuta jasho. "Haya, mpwa wangu, ni mwalimu gani wa Sabah aliyekunoa ulimi hivi?"

"Mwalimu gani, Mjomba? Nagombana na mama yako kila jioni."

Sivalingam akamtazama mama yake, akatikisa kichwa na kukiri mbele ya watu kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe.