Mstari Mmoja wa Fomu ya Nakiete

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana mimi nilikuwamo ndani yake na tayari nilikuwa mzee, paliondokea binti mmoja katika milima ya Usangi, jina lake Nakiete Eliamini Mgonja.

Nalitaja jina lote kwa sababu nilikuwa karani wa kuandikisha vizazi na vifo kwa miaka thelathini na mmoja, na mtu aliyetajwa nusu hunikera kama shati lililofungwa kifungo kimoja. Mimi ni Mathayo Kajiru Mrindoko, babu yake mzaa mama. Si Mathias. Wako wanaoniita Mathias hata leo, nami huwasahihisha hata msibani.

Binti huyu alikuwa ametoka tu kuhitimu uuguzi. Leseni yake ilikuwa bado inanukia wino. Akataka kwenda kujitolea ng'ambo mwaka mmoja, chini ya shirika liitwalo Taa ya Jirani, ambalo humpa muuguzi kitanda, chakula na kazi nyingi.

Watu watatu walimtayarisha. Mmoja ni shangazi yake, Nakijwa Mgonja, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu ana miaka minne. Mmoja ni jirani, Bi. Mwanahawa Msuya, fundi wa kushona nguo, asiye na undugu nasi hata wa kuokoteza. Mmoja ni mimi. Kila mmoja alimsaidia, na kila mmoja alimharibia. Sikilizeni.

Habari za shirika zililetwa na Bi. Mwanahawa. Alizisikia kwa mteja aliyekuja kupunguziwa gauni, akamwita Nakiete, akamwambia, "Nenda, mwanangu. Mimi nilitaka kwenda Mombasa kujifunza kudarizi, nikaambiwa ngoja kwanza. Nimengoja mpaka macho yameisha." Wakajaza maombi kwa simu ya Bi. Mwanahawa, juu ya meza ya cherehani, na sisi wazee hatukuambiwa neno.

Jibu likaja. Nakiete amekubaliwa; atapelekwa Malawi, hospitali ya mlimani, mahali penye utulivu na baridi kama kwetu. Athibitishe kwa simu ndani ya siku saba.

Hapo nikaingia mimi. Ningekaa nje, hadithi hii isingekuwapo.

"Jambo la namna hii hujibiwa kwa barua," nikasema.

"Babu, wametoa namba ya simu."

"Simu haina muhuri."

Nikaandika rasimu tatu. Nikamaliza kwa maneno ya adabu kama nilivyofundishwa na walimu wangu kabla ya Uhuru, kwamba sisi tunabaki kuwa watumishi wao watiifu. Nikaipeleka posta, nikaituma kwa rejista, nikapewa risiti, nikaiweka risiti katika Biblia. Nililala usingizi mzuri sana juma lile.

Barua ilifika siku ya kumi na tisa. Nafasi ya Malawi alikuwa amekwisha kupewa mwingine. Nakiete akapewa iliyobaki: zahanati ya ukingoni mwa mto huko Sudani Kusini, mahali ambapo kipindupindu huja na kila masika, na ndege ndogo hutua iwapo tope limekubali.

Nakiete aliponisomea habari hiyo nilisema, "Lakini haikupotea." Namaanisha barua. Ndivyo nilivyosema, na sitajisingizia maneno mengine.

Nakijwa aliposikia Sudani Kusini, aliinuka akaingia jikoni. Siku ya pili pasi ya kusafiria haikuonekana. Tukatafuta. Tukafunua magodoro, tukamwaga makapu, na hakuna aliyetafuta kwa bidii kuliko Nakijwa. Alipanda hadi darini. Siku tisa. Siku ya kumi Bi. Mwanahawa alikuja kuazima unga, akachovya kibaba ndani ya pipa, akatoa kitabu.

"Mama," akasema, "unga wako una picha."

Nakijwa akakaa chini palepale, akaipangusa ile pasi kwa kanga yake, ukurasa kwa ukurasa, huku analia. Kisha akasimama akaanza kumfungasha mtoto. Akamkaushia mboga, akamtafutia blanketi, akamwonyesha kuchemsha maji na kuyachuja kwa kitambaa, kana kwamba muuguzi mwenye leseni hajui maji.

Likabaki jambo moja. Nakiete alijua kuweka dripu, lakini alikuwa na hofu. "Huko wagonjwa watakuja wamekauka," akasema. "Mishipa imezama. Nikikosa mara mbili, mtu amekufa. Nataka mikono migumu ya kujifunzia."

Nikakunja shati. "Mkono mgumu ni wa mzee," nikasema. "Chukua."

Akanifunga mpira juu ya kiwiko. Akanipaka spiriti. Kumbukumbu yangu inaishia hapo. Naambiwa sindano ilikuwa bado ndani ya pakiti. Naambiwa nilianguka polepole, kwa heshima, na kwamba niliomba mtu asinishike miwani.

Nakijwa alikataa kabisa. "Mtoto niliyemnawisha mimi hawezi kunitoboa."

Basi akaja Bi. Mwanahawa na mkono wake mnene, mkono ambao hata wauguzi wa wilaya walikuwa wakiukimbia. "Sindano na mimi tumekula pamoja miaka thelathini," akasema. "Toboa." Nakiete akakosa. "Toboa." Akakosa. Mara kumi na moja alikosa, katika siku nne, na mkono ukawa rangi ya zambarau, na yule mama anasimulia habari za wateja wasiorudi kuchukua nguo zao. Mara ya kumi na mbili damu ikaingia ndani ya mrija kama ilivyotakiwa. Tangu siku ile mkono wa Nakiete haukukosa mshipa tena.

Sasa ndipo ilipokuja fomu.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, tumeketi kwa Nakijwa mbele ya sufuria ya makande. Bi. Mwanahawa naye alikuwapo, mkono umefungwa kitambaa. Nakiete akatoa karatasi ya mwisho. Kesho kabla ya saa sita mchana ifike ofisi ya shirika, kule mjini Mwanga. Yote ilikuwa imejazwa isipokuwa mstari mmoja: *Mtu wa kuarifiwa kwanza.* Na chini yake: jina moja tu, fomu yenye majina mawili itarudishwa.

Mstari ulikuwa mmoja, na sisi tulikuwa watatu.

Nakijwa akaweka bakuli chini. "Hili halina mjadala. Nani aliyembeba mgongoni na homa yake mpaka hospitali? Nani alimpeleka shule, nani alimpeleka chuo? Mtoto huyu hana mama ila mimi. Mstari ule ni wangu."

Bi. Mwanahawa akacheka kidogo. "Mimi sina undugu, sawa. Ninyi damu yenu ni moja naye. Lakini damu iliyomwagika ni ya nani? Nani alimfungulia njia, na nani alimpa mkono? Mstari ule ni wangu."

"Njia!" Nakijwa akadakia. "Uliyemtia wazimu wa kuondoka ni wewe."

"Na aliyetia pasi ndani ya unga ni nani, mama?"

Nikakohoa. "Kwa utaratibu," nikasema, "anayearifiwa ni mkubwa wa ukoo aliye hai. Baba amekufa, mama amekufa. Mkubwa ni babu. Jina ni Mathayo Kajiru Mrindoko. Mstari ule ni wangu."

"Mkwe," akasema Nakijwa, "majina matatu hayaenei hapo."

"Nitaandika herufi ndogo."

Tukabishana mpaka makande yakapoa. Nilitaja hata vifungu vya sheria, na viwili kati ya hivyo vilikwisha kufutwa nikiwa bado kazini.

Nakiete alituacha tuchoke. Kisha akauliza, "Mnajua mtu huyo hupigiwa simu ya nini?"

Nakijwa akaanza kukusanya mabakuli.

"Nikifika salama, nitawapigia wote mwenyewe. Nikifurahi, nitawapigia wote. Huyo wa kwenye mstari anapigiwa siku ambayo mimi siwezi kupiga. Mnachogombea ni hicho."

Kuku akaingia, akadonoa punje ya mahindi karibu na mguu wangu, akatoka. Hakuna aliyemfukuza.

Bi. Mwanahawa ndiye aliyesema kwanza, na sasa alisema chini chini. "Mimi ningeweza. Ningelia nikiwa njiani, nikifika mlangoni kwenu nimemaliza. Nisingekawia na nisingeficha. Lakini nitaingiaje kwenye nyumba isiyo yangu na maneno kama hayo? Na mtaniangalia ninyi nyote kama niliyemsukuma. Na ni kweli nilimsukuma."

Nakijwa akasema, "Mimi sitaweza. Najijua. Nitaiweka habari mahali, kama nilivyoiweka pasi, nikae nayo siku tisa nikijidanganya kwamba haipo. Lakini akiambiwa mwingine kabla yangu..." Akaikaza kanga yake. "Niliwahi kuambiwa wa pili. Sitaki tena kuwa wa pili."

Akanitazama. Nilijua ninaulizwa nini.

Miaka ishirini nyuma, lori liliacha barabara ya mlimani, na ndani yake walikuwamo baba na mama wa Nakiete. Polisi waliniletea habari mimi, ofisini, kwa kuwa kitabu cha vifo kilikuwa changu. Nami nilifanya nini? Nilifungua kitabu. Nikaandika: Eliamini Yohana Mgonja. Nikaandika: Naomi Mathayo Mrindoko, binti yangu. Nikaandika kwa mwandiko mzuri, tarehe, mahali, sababu, nikakausha wino, nikafunga kitabu, nikaweka kalamu mahali pake. Ndipo nikaenda. Kwa muda wa saa mbili nzima Nakijwa alikuwa anapalilia maharage, anaimba, na kaka yake hayupo duniani, na mimi nilijua.

"Mkwe, ulichelewa," akasema Nakijwa. Kwa miaka ishirini hakuwahi kulisema.

"Nilichelewa," nikasema. "Sikuwa na mahali pengine pa kuwaweka, ila kwenye kitabu." Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaongeza, "Lakini kazi hii nimewahi kuifanya. Ninyi hamjaifanya. Najua nilipokosea. Na aliyempeleka kule mtoni, badala ya Malawi, ni mimi na rejista yangu. Basi habari ikitoka huko, inijie mimi kwanza, initie adabu."

Nakiete akaikunja fomu. Aliikunja mara mbili, akanipa.

"Siwezi kuchagua," akasema. "Nikimwandika mmoja, wawili wataniaga kwa midomo tu. Babu, wewe ndiye mwenye kujua majina. Kesho unakwenda Mwanga. Andika wewe."

"Kesi ya nyani unampa ngedere?" Nakijwa akang'aka.

"Shangazi, angalau ngedere huyu anaandika vizuri."

Wakacheka, wote watatu, na mimi nikawaacha wacheke, kwa kuwa nilistahili.

Jumatatu nilifika ofisi ya Taa ya Jirani saa nne, nimevaa koti. Binti wa mapokezi akasema, "Shikamoo, mzee Mathias."

"Marahaba. Mathayo."

"Mzee Mathayo. Mstari huu haujajazwa."

"Najua, mwanangu."

Nikatoa kalamu. Nikafikiri habari za mama mmoja aliyetoa mgongo wake, na atakayeificha habari. Nikafikiri habari za mama mmoja aliyetoa mkono wake, na asiye na mlango wa kuingilia nayo. Nikafikiri habari za mzee mmoja aliyetoa stempu, akazirai, na aliyewahi kuchelewa saa mbili. Saa ya ukutani ikasogea. Yule binti akanikaribisha chai, nikakataa, akaniletea hata hivyo. Nimeandika maelfu ya watu, waliozaliwa na waliokufa, na mkono wangu haukusita hata kwa jina la binti yangu. Siku ile ulisita.

Saa sita kasoro dakika kumi nikaandika jina moja. Nililiandika lote, kwa ukamilifu, na likaenea. Safari hii sikungoja wino ukauke. Nilimpa yule binti fomu mbichi.

Juma lililofuata Nakiete alipanda ndege na blanketi lake na mboga zake kavu. Hakuniuliza. Wanawake wale wawili nao hawakuniuliza, ila kila mmoja hunitazama kanisani, au dukani, kama mtu anayesoma tangazo lililobandikwa juu mno. Simu ya habari ile haijalia, na Mungu aizuie isilie.

Jina lenyewe sitawatajia. Nikilitaja mtanihukumu mimi, na mimi nimekwisha kujihukumu bila msaada wenu. Ninyi ichukueni kalamu. Fomu iko mbele yenu, mstari ni mmoja, na saa sita inakaribia.

Je, jina la nani lilistahili kuandikwa?