Kibudu cha Bi Kishingo

Masika yametujia, magugu yafurahika;
Naye Fisi aingia, kicheko kimemshika.

Ukame ulipokwisha katika himaya ya Simba, kila aliyesalimika alikuwa amejifunza jambo la aibu. Simba mwenyewe alikuwa amejifunza kula mchicha. Miezi tisa bila swala wala nyumbu ilimfundisha. Na mvua iliporudi, swala nao wakarudi, lakini mfalme alikuwa amekwisha kunogewa. Akaamuru matuta kumi na mawili yalimwe uani kwake, akatangaza kwamba mboga zile ni za wageni, na kila adhuhuri akawa anakwenda kuzikagua peke yake na kurudi na kijani kwenye masharubu. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Uani humo waliishi kuku, chini ya sheria moja ya zamani: ndani ya ua wa Simba, jino lisimguse kuku aliye hai. Ila kuku aliyejifia mwenyewe, yaani kibudu, alikuwa haki ya Fisi. Kwa hiyo Fisi hakukosa kupita mlangoni asubuhi kujulia hali.

"Hamjambo? Wote? Hata yule aliyekohoa juzi?"

"Hata yeye."

"Tumshukuru Mungu," husema Fisi, na machozi yakimlenga.

Masika yale yaliotesha magugu usiku na kuangua viwavi mchana. Bi Kishingo, mtetea asiye na unyoya hata mmoja shingoni, mama wa vifaranga kumi na mmoja, alikuwa mpenda utaratibu asiyevumilia hata jani lililokaa upande. Alidonoa viwavi mmoja mmoja, tuta kwa tuta. Mumewe Kuchi, jogoo mrefu wa miguu na mfupi wa subira, akaona kazi haiendi. Akawaita kuku wote waje kusaidia. Kuku husaidia kwa kucha. Kufikia saa nne viwavi walikuwa wamepungua, magugu yalikuwa palepale, na miche ya mchicha ilikuwa imelala mizizi juu.

"Nani amepekua bustani yangu?" alinguruma Simba. "Yaani, bustani ya wageni wangu?"

"Tulikuwa tunapalilia, Mtukufu," alijibu Kuchi, kifua mbele.

"Mkang'oa mchicha, mkaacha magugu?"

"Magugu yana mizizi migumu, Mtukufu."

Simba akatoa siku saba. Matuta yapandwe upya, yawe safi, bila gugu wala kiwavi. La sivyo, kuku wote watahamia nje ya ua. Bi Kishingo aliwatazama wanawe kumi na mmoja. Nje ya ua Fisi hakuwa na haja ya kungoja mtu ajifie mwenyewe.

Jua halijasogea sana, Fisi huyo mlangoni, kibuyu mkononi, akicheka kama aliyetekenywa.

"Mtukufu, nimesikia shida yako. Humu mna dawa. Tone juu ya jani, kiwavi kwaheri! Tone juu ya gugu, gugu kwaheri!"

"Na anayemla huyo kiwavi?" aliuliza Bi Kishingo.

"Atapata usingizi mtamu, shemeji."

"Wa mpaka lini?"

"Aa! Maswali yako ni mengi kuliko manyoya ya shingo yako!"

Simba akacheka mpaka masharubu yakatikisika. Na kwa kuwa alipenda mashindano kuliko hukumu, akaamuru miche irudishwe ardhini, kisha akagawa: matuta sita ya Fisi, sita ya Bi Kishingo, na njia pana katikati.

Bi Kishingo akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko, kwenye shimo la Sungura, ambaye hakuna hila asiyoijua wala mboga asiyoionja.

"Kwanza, dada," alisema Sungura, "mfunge mumeo."

"Mume wangu hafungwi."

"Basi yafunge matuta."

Wakayazungushia uzio wa mabua, na Kuchi akazunguka nje akilalamika kwamba anadharauliwa. Majivu ya jikoni waliyaacha yapoe kabisa, yasije yakaunguza nyayo za watoto, ndipo wakayamwaga kuzunguka mashina. Majani ya mwarobaini waliyatwanga, wakayaloweka hadi kesho yake, wakanyunyizia maji yake, na viwavi wakakunja uso. Magugu waliyang'oa udongo ukiwa bado laini, kabla hayajatoa maua. Mengi waliwatupia kuku, wakayashangilia. Ila mnanaha, wenye tunda la miba, Sungura aliung'oa mwenyewe akaufukia mbali. "Huu, dada, wanao wasionje hata mbegu." Penye ardhi tupu wakatandaza nyasi kavu, gugu lisipate pa kuchungulia. Miche ilipokaza mizizi, kila alasiri kuku wawili wawili waliruhusiwa kuingia kwa muda mfupi kudonoa viwavi waliosalia, Bi Kishingo akiwa amesimama mlangoni mwa uzio.

"Mguu wa kushoto, Kuchi! Umekanyaga jani!"

"Ni jani moja, mke wangu."

"Ni jani la mfalme. Toka."

Upande wa Fisi kazi ilikwisha siku ya kwanza. Alimwaga kibuyu chote, akalala kivulini, akaanza kuwahesabu kuku kwa ncha ya ulimi. Lakini kuku hawakuvuka. Siku ya tano Bi Kishingo aliona mjusi, aliyekula kiwavi wa upande ule, amelala chali. Sisimizi wakaja kumla mjusi. Baada ya kitambo sisimizi nao wakalala, wamejipanga mstari kama walivyokuja.

Bi Kishingo akasimama kwa mguu mmoja, kama afanyavyo akiwaza. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze.

"Sungura," alisema, "mganga wetu hajafika mwisho wa hesabu yake. Nisaidie."

Siku ya saba, saa tano, Simba alipokuja kukagua, alimkuta Fisi akirukaruka kwenye njia ya katikati. Kuku wote walikuwa wamelala hapo, miguu juu. Kuchi alikuwa amejinyoosha kwa madaha kupita kiasi, bawa moja kifuani. Ilibidi Sungura amkanyage mkia aache kupepesa macho. Vifaranga walikuwa wamefichwa jikoni, wakizibana midomo.

"Msiba!" alilia Fisi, mate yakimdondoka. "Msiba mkubwa! Joto limewaua, Mtukufu. Nao ni vibudu, na sheria ni sheria!"

"Joto?" aliuliza Sungura. "Si dawa yako?"

"Dawa yangu? Haimdhuru hata mtoto mchanga!"

"Basi kula hapahapa, sisi tukiwa mashahidi."

Fisi hakungoja kukaribishwa mara ya pili. Alianza na aliye karibu, naye alikuwa Bi Kishingo. Akaiweka ile shingo tupu kati ya meno. Bi Kishingo alihisi pumzi ya moto, na moyo wake ukadunda kama mchi kinuni. Lakini alikuwa na swali, naye hakuwahi kushindwa kuuliza. Akafumbua jicho moja.

"Mganga," alinong'ona kutoka mdomoni mwa Fisi, "kiwavi kafa kwa dawa yako. Mimi nimemla kiwavi, nikafa. Je, atakayenila mimi?"

Taya zikasimama. Macho ya Fisi yakatoka. Tamaa ikamwambia funga, woga ukamwambia fungua, na uso wake ukapindana vibaya mno. Kisha akamtema Bi Kishingo hadi kwenye nyasi kavu, akaanza kujifuta ulimi kwa mikono miwili.

"Sumu! Maji! Wana sumu wote! Nimewapa sumu mwenyewe, nami nimelamba! Nakufa, jamani!"

"Sumu?" alisema Simba polepole. Akayatazama matuta sita ya Fisi, aliyokusudia kuyala adhuhuri ile. "Katika mchicha wangu?"

"Wa wageni, Mtukufu," alikumbusha Sungura.

"Wangu!" alinguruma Simba, na siri ya miezi mingi ikatoka mbele ya watu wote. Vibudu wakaamka mmoja mmoja wakijipangusa vumbi. Fisi, alipoona maiti wanacheka, alitimua mbio, akapita uzio, akapita mto, akapita hata mpaka wa himaya, akiwa bado ameushika ulimi wake.

Matuta yake sita yalizungushiwa miiba, hakuna mguu ulioruhusiwa kukanyaga pale. Simba akala mchicha hadharani, sahani mbili, akalala. Sungura akajaza tumbo, akalala. Kuchi alikuwa angali chini, akidai kwamba yeye alikufa vizuri kuliko wote. Aliyebaki amesimama, kwa mguu mmoja, kwenye mlango wa uzio, ni Bi Kishingo, na vifaranga wake kumi na mmoja.